Barua Iliyobisha Hodi Kirushya

Mimi sina subira, na wanaofanya kazi nami hulijua hilo kabla hawajalishika jina langu. Kwa hiyo fundi Ndassa alipofika ofisini kwetu Kirushya Ijumaa ile asubuhi, akashuka kwenye pikipiki na vumbi la njia nzima ya Biharamulo limejaa suruali yote, kisha badala ya kuingia ndani akaanza kuzunguka nyumba akitazama nyaya, nilimchukia palepale. Ndani, kwenye benchi la mapokezi, Bibi Kanyange alikuwa amekaa tangu tufungue mlango. Alikuwa anasubiri barua inayomhusu mdogo wake, na barua hiyo ilishindwa kuingia kwetu.

Ofisi yetu inaitwa Kuunganisha Ndugu. Tunatafuta watu waliopotezana wakati wa vita vya Burundi, na mimi, Yuster, ndiye ninayewapokea na kuandika maelezo yao, kwa sababu Kihangaza changu na Kirundi chao vinasikilizana. Mkuu wetu ni Mwalimu Theonest, aliyefundisha jiografia miaka mingi na mpaka leo anaongea kama mtu mwenye chaki mkononi. Getini yupo Paschal, mlinzi, ambaye hana mzaha na geti lake.

Tuna sheria moja isiyovunjwa. Jina la mtu na mahali alipo havisemwi kwenye simu, havitumwi kwa meseji, wala haviandikwi kwenye akaunti za watu binafsi. Kabla ya sheria hiyo, mwanamume mmoja alijifanya mjomba, akapewa habari kwa simu, akamfuata hadi mlangoni mwanamke aliyekuwa amemkimbia. Tangu hapo tuna seva yetu wenyewe ya barua pepe, sanduku jeusi linalovuma mchana kutwa katika chumba cha nyuma. Barua zote za watu wetu zinalala humo, nyumbani kwetu, siyo kwa mtu mwingine.

Bibi Kanyange alimpoteza mdogo wake kwenye kuvuka mto Ruvubu. Yeye alikuwa msichana, mdogo wake mtoto wa kushikwa mkono, na kundi lilipokatika katikati kila mmoja akabebwa na upande wake. Aliishi huku Ngara, akaolewa huku, akamzika mume wake huku. Nilipoajiriwa nilimkuta tayari ana mahali pake kwenye lile benchi, na kila alipokuja aliuliza kama kuna neno, nikamjibu hakuna, akaniombea kazi njema na kurudi shambani kwake.

Wiki ile neno likapatikana. Diane, mwenzetu wa ofisi ya Uganda, alipiga simu na kusema kile tu ambacho sheria inamruhusu. Kuna barua ameituma kuhusu faili la Bibi Kanyange. Ndani yake kuna swali moja, na aliyeliuliza ni mhusika mwenyewe. Jumamosi asubuhi mhusika anapanda basi la uwanja wa ndege, anahamishiwa nchi za mbali. Jibu lisipofika kabla Diane hajafunga ofisi Ijumaa, faili litafungwa kwamba undugu haukuthibitishwa, na huko aendako itabidi kuanza upya na watu wasiomjua yeye wala sisi.

Tukasubiri barua, haikuja. Diane akapiga tena. Seva yake inamwambia barua bado iko kwenye foleni: inakuja kwetu, inakosa njia, inarudi kupumzika, inajaribu tena. Siku itakapochoka, itarudishwa kwa aliyeituma.

Hapo ndipo tulipojua kwamba tulikuwa na ugonjwa. Tulikuwa tumebadilisha laini ya intaneti na kufunga fayawoli mpya, ile mashine inayokaa mlangoni na kuamua nini kiingie na nini kibaki nje. Siku ile Mwalimu Theonest alinitumia barua akiwa mezani kwake, nikaipata mezani kwangu, nikamjibu, tukapiga makofi. Hata Paschal alifunguliwa anwani yake. Ni kweli baada ya hapo hakuna mtu wa nje aliyetuandikia, lakini kwetu hatumpigii mtu simu kumwuliza mbona hujaniandikia. Ni kama kumdai. Tukakaa na adabu yetu na kimya chetu, tukiwasema wenzetu sisi kwa sisi kwamba siku hizi wamekuwa wavivu.

Ndassa tulimpata kupitia ofisi ya Biharamulo anayoihudumia. Wazazi wake ni Wasukuma waliohama na ng'ombe zao kutoka Shinyanga, naye akasoma chuo Mwanza, akarudi kuhudumia mitandao ya huku kwetu. Kwamba anaijua kazi yake utaambiwa na yeye mwenyewe kabla hujauliza. Alhamisi aliongea na Theonest kwa simu na kumwagiza mambo mawili. Moja Theonest alilifanya mwenyewe kwenye kompyuta. La pili lilihitaji kampuni ya laini kule Mwanza, na nilimsikia mzee wa watu akiwabembeleza hadi mchana. Sikuelewa hata moja kati ya hayo, nikaona ni mbwembwe za fundi.

Sasa huyo alikuwa hapa, amezunguka nyumba yote, na alipoingia hakugusa kompyuta. Alimpa Bibi Kanyange shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaomba bahasha tupu. Akatuambia kwamba yeye hagusi mashine mpaka wenye nyumba wawe wameitembea njia ya barua kwa miguu yao. Ndivyo anavyofanya kazi kila mahali, na asiyetaka atafute fundi mwingine. Nilimwambia tuna mtu anasubiri. Akasema ndiyo maana.

Akanipa mimi bahasha, nikawa barua kutoka Uganda. Paschal akawa fayawoli, kazi aliyoipokea kwa kunyoosha shati. Mwalimu Theonest alipelekwa barabarani, kwenye kibao cha ofisi, akaambiwa yeye ndiye DNS: barua yoyote duniani inayotafuta ofisi yetu inalijua jina tu, kwa hiyo inamwuliza DNS jina hilo liko anwani gani, na yeye anajibu kutoka kwenye rekodi zake. Kisha Ndassa akainama mbele ya benchi.

"Mayu, wewe kaa hapohapo," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Wewe ndiyo seva. Barua ikifika, itafika kwako."

Nikasimama barabarani na bahasha yangu, nikijisikia mjinga, nikamwuliza Mwalimu Theonest ofisi ya Kuunganisha Ndugu iko wapi. Ndassa alimtaka ajibu vilevile alivyoandika kwenye rekodi siku ya kubadilisha laini. Theonest akafikiri, akajibu: chumba cha nyuma, mlango wa tatu kutoka jikoni.

"Haya, barua," Ndassa aliniambia. "Uko Uganda. Utafute mlango wa tatu kutoka jikoni."

Nikageuka huku na huku. Kila nyumba ina jiko. Ningeanza kuhesabu milango ya nyumba niliyotoka, huko huko Uganda, nisikute kitu, nikarudi foleni. Ndassa akaeleza kwamba ndivyo barua ya Diane ilivyokuwa ikifanya siku zote hizo. Seva yetu ina anwani ya ndani, ya kuitumia humu ndani tu, na anwani kama hizo zimejaa ndani ya kila nyumba duniani. Iliyo rekodini ilikuwa hiyo ya ndani. Sisi wa humu tulikijua chumba, ndiyo maana barua zetu wenyewe zilifika na tukapiga makofi.

Mwalimu Theonest akavua miwani. Alisema, bila kuficha, kwamba aliona ndiyo heshima. Huku kwetu ukiwa mgeni huelekezwi mpaka barabarani ukaachwa hapo. Unapelekwa mpaka ndani, mpaka kwenye kiti. Alifikiri anazisaidia barua kwa kuzitajia chumba kabisa. Ndassa akasema kwa mgeni mwenye miguu hiyo ni sahihi, naye mwenyewe angependa kupokelewa hivyo, lakini barua itajiwe geti, na kutoka getini wenye nyumba wajue wanaipeleka wapi.

Tukarudia. Theonest akanijibu: geti la Kirushya. Nikaenda getini, na Paschal akanisimamisha kwa mkono. Hakuwa ameambiwa kuhusu barua yoyote, na asichoambiwa hakiingii. Alikuwa amekunja uso kweli, nikasahau kwamba ni mchezo. Ndassa akampa amri: kikija kitu cha barua pepe, kipeleke moja kwa moja kwa Bibi Kanyange, kisipite jikoni, kisichungulie vyumba vingine. Vitu vingine vyote vikae nje kama zamani. Paschal akaitikia, akanisindikiza hadi benchini.

Nikamkabidhi Bibi Kanyange bahasha. Aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa tupu na yeye alijua ni tupu, lakini aliifuta vumbi kwa upande wa kitenge chake, akaiweka mapajani. Nilitazama pembeni, kwa sababu nilihisi machozi.

Nilidhani tumemaliza. Ndassa akamwita Theonest ndani, akamkalisha mezani kwake, akamwambia atume barua kwa Bibi Kanyange aliye hatua chache tu kutoka hapo. Theonest akauliza jina liko wapi, akajibiwa: getini. Basi mwalimu wa watu akatoka nje, akapita geti, akageuka, akataka kuingia. Paschal akamzuia.

"Mwalimu, umetoka ndani sasa hivi," alisema. "Unaingia tena kama nani?"

Tulicheka wote, na Bibi Kanyange alicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe fayawoli nyingi zina tabia hiyo hiyo ya Paschal: aliyetoka ndani akijipeleka getini kama mgeni, zinamkatalia. Kwa hiyo, Ndassa akasema, tutaweka DNS mbili. Wa nje wakiuliza jina letu, watajibiwa geti. Wa ndani wakiuliza jina hilo hilo, watajibiwa chumba. Majibu mawili kwa jina moja, na yote ya kweli, inategemea aliyeuliza amesimama wapi.

Hapo ndipo chuki yangu ilipoanza kuyeyuka. Nimekaa na mafundi wengi. Wanafunga mlango, wanabonyeza, wanatoka wakisema tayari, na likiharibika tena ni wao tu wanaolijua. Huyu alikuwa ametufanya mimi na Paschal tuijue nyumba yetu. Leo hii ukiniuliza barua inapita wapi, nitakuonyesha kwa kidole.

Alipokaa kwenye kompyuta sikumtambua. Maneno mengi yote yaliisha. Alisoma kila namba kwa kunong'ona, kidole kwenye kioo, kama mchungaji anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini jioni, na akipotewa anaanza upya bila aibu. Kabla hajabadilisha kitu alitutajia kilivyokuwa na kitakavyokuwa. Alibadilisha kimoja, akakijaribu, ndipo akaenda kingine. Rekodi ya nje ikapewa anwani ya geti, fayawoli ikapewa amri ya Paschal, na sisi wa ndani tukapewa jibu letu. Kisha akazima waifai kwenye simu yake, akatumia bando lake mwenyewe ili simu iwe mgeni kabisa, akatuandikia barua kutoka nje. Kompyuta yangu ikalia. Nilikuwa nimesahau mlio huo ulivyo.

Niliuliza kama kumbukumbu za zamani hazitatusumbua, maana Theonest aliwahi kutuambia kwamba mashine za watu zikishajibiwa anwani huikumbuka kwa muda hata ukiibadilisha. Ndassa akatabasamu kwa kujisifu kabisa. Ndilo lile jambo la kwanza alilomwagiza Theonest siku iliyotangulia: apunguze muda wa kukumbukwa, ili leo tukibadilisha dunia iwe imekwisha kutusahau. Nikatikisa kichwa.

Lakini barua ya Diane haikuja. Diane mwenyewe alikuwa ameingia kambini asubuhi, kusiko na mtandao, atarudi mchana, hatungeweza kumwomba aitume upya. Barua ilikuwa kwenye foleni yake, na Ndassa akatueleza kwamba kila ikishindwa hupumzika zaidi kabla ya kujaribu tena. Inaweza kuja sasa, inaweza kuja jioni. Nilitoka nje, nikarudi, nikaitikisa kompyuta kama vile ingesaidia. Nilimwuliza Ndassa mbona amekaa tu.

"Seva ile haina kununa," alinijibu. "Imekataliwa mara nyingi na itakuja tena. Kazi yetu ilikuwa kufungua mlango, na umefunguka."

Akaenda kumletea Bibi Kanyange chai, kisha akakaa sakafuni karibu na benchi, wakaongea habari za mvua na maharage, yeye Kiswahili chake cha Biharamulo na bibi Kiswahili chake cha sokoni. Bibi Kanyange alinitazama nilivyokuwa nikihangaika, akanihurumia.

"Tulia, mwanangu," alisema. "Kama barua imesimama mrangoni siku zote hizi, mimi nitashindwa kukaa?"

Barua iliingia wakati Paschal anakula. Nilisikia mlio, nikaona jina la Diane, nikamwita Bibi Kanyange akae karibu yangu. Nikamsomea kwa Kirundi, polepole. Mtu huyo katika faili anaitwa Nzeyimana, na anasema anamtafuta dada yake Kanyange. Hataki picha wala tarehe, kwa sababu hizo mtu anaweza kuzipata popote. Anataka dada yake ajibu jambo moja: nyumbani tulikuwa watoto watano, kwa nini mimi mliniita Minani?

Kwetu pia tunalijua jina hilo. Minani anaitwa mtoto wa nane. Nilikuwa nimeandika maelezo ya Bibi Kanyange kwa mkono wangu, na watoto walikuwa watano, yeye wa kwanza na huyo wa mwisho. Watano hawatoi wa nane. Nilidhani ama tumempata mtu mwingine, ama ni mtego, na nikaogopa kuinua macho.

Bibi Kanyange alikuwa analia bila sauti. Kisha akaongea.

"Mwambie mama alituhesabu wote. Watatu walikufa kabla yeye hajazaliwa, na mmoja wao hata jina alikuwa hajapewa. Watu wa nje walituona watano. Mama akisema watoto wangu, alisema wanane."

Niliandika neno kwa neno. Kabla sijatuma, Mwalimu Theonest akakumbuka jambo, akasema kwa wasiwasi kwamba tangu tuhame laini hata barua zetu za kwenda Uganda zilikuwa zikikataliwa huko. Nikamgeukia Ndassa. Jua lilikuwa limeshapinda, na Diane angefunga ofisi.

Ndassa hakuinuka hata sakafuni. Alisema seva ya Diane ikipokea barua hugeuka na kuuliza: anwani hii iliyonibishia, jina lake nani? Anayejibu swali hilo siyo sisi, ni wenye laini, na laini mpya ilikuwa haijaambiwa jina letu. Barua ya mtu asiye na jina hutupwa. Hilo ndilo jambo la pili, lililomfanya Theonest awabembeleze watu wa Mwanza ile Alhamisi. Walilikamilisha asubuhi, alilihakiki akiwa bado njiani, aliposimama kuweka mafuta.

Nilimtazama yule bwana. Sisi sote tulikuwa tunahangaikia barua iingie. Yeye, kabla hajapanda pikipiki kule Biharamulo, alikuwa ameshamfikiria bibi huyu asiyemjua, kwamba atakapopata barua atataka kujibu. Nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba nimemheshimu. Akasema anajua.

Nikatuma. Ikapokelewa bila swali.

Diane alituandikia kabla ya kufunga. Undugu umethibitishwa, faili linasafiri likiwa na jina la dada ndani yake. Alikuwa ameongeza mstari mmoja chini, maneno ya Minani mwenyewe aliyekuwa amekaa hapo mezani kwake. Alikuwa anauliza: dada, tumebaki wangapi?

Nilimsomea. Maelezo ya wale watatu wengine kati ya watano niliyajua, niliyaandika mimi. Mmoja mtoni, wawili kambini kwa ugonjwa. Alikuwa amebaki yeye na huyu tu. Ndassa alikuwa amesimama mlangoni, helmeti mkononi, tayari kuondoka, na hakuondoka.

Bibi Kanyange alijipangusa macho kwa kitenge, akaisogelea kompyuta kama vile mdogo wake yuko ndani yake.

"Mwandikie tuko wanane," alisema.

Nikaandika hivyohivyo, nikatuma.